Fedha ya muziki iende wapi: kuhusu spika na amplifaya za bei kubwa

Mwaka 2017 kampuni ya Marekani ya Wilson Audio ilitoa jozi ya spika iitwayo WAMM Master Chronosonic kwa bei ya dola 685,000. Miaka miwili kabla ya hapo, Sennheiser ya Ujerumani ilikuwa imetangaza HE 1, hedifoni inayokuja na amplifaya yake iliyokaa juu ya kitako cha marumaru, kwa euro 50,000. Upande mwingine wa soko, Apple imekuwa ikiuza Marekani, kwa dola 9 tu, kiwaya kifupi cha kuunganisha simu na hedifoni, na ndani ya kiwaya hicho mna kigeuzi cha dijitali ambacho kikipimwa kwa mitambo, makosa yake huonekana kuwa madogo kuliko sikio la binadamu linavyoweza kuyatambua muziki unapopigwa. Kati ya ncha hizi mbili ndiko tuliko wengi wetu, watu wenye kipato cha kawaida na mapenzi makubwa ya muziki, na tunastahili kuelezwa kwa uwazi fedha inafanya nini na haifanyi nini.

Wanaonifahamu huniuliza jambo hili kwa namna mbalimbali. Binamu yangu aliyepokea kiinua mgongo anataka kujua kama aagize amplifaya nzito kutoka Dubai. Shemeji yangu ameona Kariakoo spika zilizoandikwa wati elfu kumi na anauliza kama maandishi hayo yana ukweli. Rafiki anayefanya kazi ughaibuni anauliza kama hedifoni ya dola 1,500 itampa kitu ambacho ile ya dola 150 haimpi. Jibu langu kwao wote limekuwa moja: ipo fedha inayonunua sauti, na ipo fedha inayonunua vitu vingine kabisa, na mpaka kati ya hizo mbili uko chini sana kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini.

Ili kuuona mpaka huo, yafaa kuifuata sauti tangu inapotoka kwenye faili au kwenye santuri hadi inapofika sikioni. Kwanza kuna kigeuzi kinachobadili namba za dijitali kuwa umeme, kisha amplifaya inayoukuza umeme huo, kisha waya, kisha spika inayougeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa, na mwisho chumba ambamo hewa hiyo inatikisika. Hatua hizi hazina ugumu unaolingana, na hoja yangu yote inasimama juu ya jambo hilo.

Hatua ya kigeuzi wahandisi walikwisha kuimaliza kwa gharama ndogo. CD, ambayo Sony na Philips waliileta sokoni mwaka 1982, huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde, na hisabati ya sampuli inathibitisha kwamba kiasi hicho kinatosha kurejesha masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, ndiyo Hz) yote hadi takriban 22,000 Hz, ilhali sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu na 20,000 Hz na la mtu wa makamo huchoka mapema zaidi. Biti zake 16 hutoa nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa mtambo wenyewe. Sebule ya mjini, yenye feni, jokofu na barabara nje ya dirisha, huwa tayari na kelele za desibeli 30 au 40 kabla muziki haujaanza, kwa hiyo sehemu kubwa ya nafasi hiyo hufunikwa na kelele za nyumbani.

Amplifaya nayo, ikiwa imeundwa vizuri na haisukumwi kupita uwezo wake, huongeza upotoshaji ulio chini ya asilimia 0.01, kiasi ambacho spika yoyote itakifunika kwa makosa yake yenyewe. Kinachotakiwa kwa amplifaya ni nguvu ya kutosha, na nguvu hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban desibeli 87 ukiisikiliza mita moja mbali nayo huku ikipewa wati 1 tu, na desibeli 87 ni sauti ya kumlazimisha mtu aliye karibu apaze sauti ili asikike. Kila unapotaka sauti isikike mara mbili ya ilivyokuwa, unahitaji kuongeza desibeli 10 hivi, yaani kuzidisha wati mara kumi, kwa hiyo kutoka wati 50 hadi wati 100 unaongeza desibeli 3 pekee, badiliko ambalo msikilizaji hulitambua na kisha hulisahau. Kuhusu shemeji yangu na wati zake elfu kumi: geuza boksi au mtambo wenyewe utazame kibandiko cha umeme kilicho nyuma. Kifaa kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa maelfu ya wati kwenye spika, na herufi PMPO zinazoandikwa kando ya namba hizo kubwa hazina kipimo cha kihandisi ambacho mnunuzi anaweza kukitegemea.

Kwenye waya ndiko watu wanakopoteza fedha waziwazi zaidi, na hesabu yake ni nyepesi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule ambao fundi umeme huupitisha kwenye soketi za nyumba, una ukinzani wa omu 0.007 hivi kwa kila mita. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme husafiri mita 10 kwenda na kurudi, na ukinzani wote huwa omu 0.07, mbele ya spika yenye omu 8. Sauti inayopotea njiani ni chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli moja. Waya wa maelfu ya dola umetengenezwa ili kupunguza hasara ambayo waya wa fundi umeme tayari umeifanya isisikike, na kwa mtu mwenye ada za shule za kulipa naona ni dhuluma kumuuzia kitu hicho kwa maneno matamu.

Spika ni jambo jingine kabisa. Hapa umeme unapaswa kuwa mwendo wa koni ya karatasi au ya plastiki, na mwendo huo uisukume hewa ya chumba kizima kwa usahihi kuanzia besi ya 40 Hz hadi kengele za 15,000 Hz. Ni kazi ngumu kiasi kwamba katika spika nyingi za nyumbani chini ya asilimia 1 ya umeme unaoingia ndiyo inayogeuka sauti, na iliyobaki yote huwa joto ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni. Upotoshaji wa asilimia 1 au zaidi kwenye besi ni wa kawaida hata kwa spika nzuri. Zaidi ya hayo, spika mbili zilizotengenezwa na viwanda tofauti hutofautiana kwa desibeli kadhaa hapa na pale katika masafa, tofauti ambazo hata mtoto asiye na hamu na vyombo huzisikia mara moja, tena bila kuelekezwa. Ndiyo maana mtu akiniambia ana fedha fulani ya muziki, namwomba sehemu kubwa kabisa aielekeze kwenye spika, na amplifaya aichague kwa uimara, kwa nguvu inayolingana na spika hizo, na kwa upatikanaji wa fundi wa kuitengeneza.

Wapo wanaopinga hayo kwa kusema kwamba vipimo havina masikio, na kwamba wao huisikia tofauti ya amplifaya na nyaya waziwazi. Siwadharau, kwa kuwa mtu anayesema amesikia kitu huwa kweli amekisikia. Suala ni kwamba sikio halifanyi kazi peke yake, na hili limechunguzwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1987 jarida la Marekani la Stereo Review liliwakusanya wasikilizaji, wengine wakiwa waumini wa tofauti za amplifaya na wengine wakiwa na shaka, likawapigia muziki kupitia amplifaya za bei kuanzia dola 220 hadi dola 12,000 bila kuwaonesha ni ipi inayofanya kazi. Sauti zilipokwisha kulinganishwa kwa ukubwa, majibu yao hayakuwa bora kuliko ya kubahatisha. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, utafiti ambamo rekodi za kiwango cha juu kuliko CD zilipigwa zenyewe, na kisha zikapitishwa katika mtambo uliozishusha hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554 wasikilizaji walipatia mara 276, yaani asilimia 49.8.

Utafiti ambao mimi nauthamini kuliko hayo yote ni wa Floyd Toole na Sean Olive, uliotoka mwaka 1994. Toole alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika baraza la taifa la utafiti la Kanada mjini Ottawa, akipima spika na kuwasikilizisha watu nyuma ya pazia, kabla ya kuhamia kampuni ya Harman huko Marekani. Yeye na Olive waliwachukua wafanyakazi 40 wa Harman, wakawasikilizisha spika nne mara mbili: mara moja wakiwa wanaziona, na mara nyingine zikiwa zimefichwa. Walipoziona, spika kubwa na za kupendeza zilipata alama za juu na kisanduku kidogo cha bei nafuu kikashuka. Zilipofichwa, tofauti hizo zilipungua sana na kile kidogo kikapanda. Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita: spika zilipohamishwa mahali chumbani, wasikilizaji waliofichwa macho waliitambua tofauti ya sauti na kubadili alama zao, ila waliokuwa wakiziona hawakubadilika sana, kwa kuwa maoni yao yalikuwa yamekwisha kushikwa na umbo, jina na bei. Hao walikuwa watu wanaofanya kazi kwenye kampuni ya spika. Sioni kwa nini mimi au binamu yangu tujidhanie kuwa imara zaidi yao.

Kwa upande wa hedifoni, mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kulinganisha aina 283 za hedifoni, zile za kufunika sikio, za kukaa juu ya sikio na za kuingiza ndani, na hakuona uhusiano wowote kati ya bei ya hedifoni na namna inavyogawa masafa ya sauti. Namwambia rafiki yangu wa ughaibuni kwamba fedha aliyonayo inaweza kumpa hedifoni nyepesi zaidi, yenye ngozi laini, inayokaa kichwani saa nyingi bila kuumiza, na vyote hivyo vina thamani. Asiitegemee bei yenyewe imwambie chochote kuhusu sauti.

Sasa nije kwenye chumba, jambo ambalo katika mazungumzo yetu halitajwi karibu kabisa, wakati katika nyumba zetu lina uzito kuliko kifaa chochote kilichowekwa juu ya meza. Elimu hii ilianza mwaka 1895, pale Chuo Kikuu cha Harvard kilipomtaka mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, atafute kwa nini katika ukumbi mpya wa mihadhara wa jumba la Fogg maneno ya mhadhiri yalikuwa hayaeleweki. Ukumbi ulikuwa ukiendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde tano baada ya neno kutamkwa. Sabine alifanya kazi usiku, kukiwa na utulivu, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani na kuipanga humo, huku akipima muda ambao sauti ilichukua kufa kadiri mito ilivyoongezeka. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni inayotumika hadi leo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, uuzidishe kwa 0.161, kisha ugawanye kwa jumla ya ufyonzaji wa kuta, sakafu, dari na vitu vilivyomo, na jibu ni sekunde za mvumo.

Itumie kanuni hiyo kwenye sebule ya mjini Dar es Salaam yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 60, na eneo la nyuso zake zote ni mita za mraba 94. Kuta ni za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ni ya vigae, madirisha ni ya vioo. Vitu hivi hufyonza kidogo sana, na tukivipa wastani wa asilimia 5 ya eneo hilo, yaani ufyonzaji wa mita za mraba 4.7, tunapata mvumo wa sekunde 2. Huo ni mvumo unaofaa ukumbi wa okestra, na ndani ya chumba kidogo unavuruga kila kitu: maneno ya mwimbaji hupandana, ngoma hupoteza ncha, na msikilizaji hupandisha sauti ili asikie vizuri, jambo linaloongeza mvumo huo huo. Weka zulia zito, makochi ya kitambaa, mapazia mazito ya kufunika kioo, na kabati la vitabu kwenye ukuta wa nyuma, hadi ufyonzaji ufikie mita za mraba 20, na muda huo hushuka hadi karibu nusu sekunde. Hakuna amplifaya duniani, ya bei yoyote, inayoweza kuleta badiliko la ukubwa huo. Nimeshuhudia kwa mjomba wangu Tanga, aliyekuwa na mtambo wa kuheshimika ndani ya sebule tupu yenye vigae, namna zulia na mapazia yaliyoletwa na shangazi kwa ajili ya arusi yalivyomfanya aseme kwamba mtambo umepona.

Besi ina tabia yake mwenyewe, ambayo zulia haliiwezi. Mawimbi ya besi ni marefu, na kuta mbili zinazotazamana huyarudisha hadi yajipange juu ya yenyewe. Kwa joto letu sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo kuta zilizoachana kwa mita 4 huamsha mvumo wa kwanza kwenye 44 Hz hivi, na sakafu na dari zilizoachana kwa mita 3 huamsha mwingine karibu na 58 Hz. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi huanzia 41 Hz. Maana yake ni kwamba mpigaji anapopita kwenye noti zile za chini, noti moja itavimba mpaka sahani zitetemeke kabatini na inayofuata itaonekana kama hakuipiga, ilhali kwenye rekodi zote mbili zina nguvu moja. Dawa ya kwanza haina gharama: usizibane spika kwenye kona, zivute zitoke ukutani, na kochi la msikilizaji lisiegemee ukuta wa nyuma wala lisikae katikati kabisa ya chumba. Ukishafanya hivyo ndipo utajua spika ulizonazo zina thamani gani, na wengi hugundua kwamba hawahitaji mpya.

Baada ya chumba, kuna rekodi zenyewe. Mimi husikiliza zaidi muziki wa dansi wa miaka ya sitini na sabini, na taarabu ya Unguja. Nyimbo za NUTA Jazz au Morogoro Jazz tunazozipenda zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na hazina hiyo leo iko chini ya TBC. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya santuri za kampuni ya HMV, katika zama ambazo santuri hazikubeba hata nusu ya masafa ya juu ambayo sikio la kijana linaweza kusikia. Rekodi hizi ni za thamani isiyopimika, na spika nzuri huzitendea haki: kwenye dansi utatenganisha gitaa la solo na lile la rithimu, utaifuata besi noti kwa noti, na utasikia mpulizaji wa saksafoni akivuta pumzi. Ila zipo kuta ambazo spika haiwezi kuzivuka, kwa kuwa kisichoingia kwenye kanda hakitatoka kwenye koni. Nakala ya wimbo iliyopita kwenye makundi ya WhatsApp mara kadhaa, ikibanwa na kubanwa tena, imepoteza vitu ambavyo dola 50,000 hazitavirudisha. Kutafuta nakala iliyohamishwa vizuri kutoka kwenye kanda au santuri ya asili, hata kama inachukua muda na nauli, huongeza furaha ya kusikiliza kuliko kubadili amplifaya.

Kwa taarabu nina jambo la ziada. Mtu asiyepata kukaa karibu na ganuni, udi na fidla zikipigwa bila vyombo vya kukuza sauti hana kipimo cha kuhukumia spika, atasifu ile yenye twita (kispika cha sauti za juu) kali inayochomoza kila waya wa ganuni kama sindano. Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika Mji Mkongwe tangu mwaka 2004, na vikundi vya zamani kama Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, vimewalea wapigaji wengi wanaosikika bado. Kwa fedha inayoombwa kwa jozi moja ya nyaya za kifahari, familia nzima inaweza kusafiri Unguja na kurudi, na watakaporudi masikio yao yatajua wanachokitafuta dukani.

Haitakuwa haki nikisema kwamba spika za gharama kubwa ni udanganyifu. Kuna vitu vya kweli ambavyo fedha hununua. Besi ya chini sana ni ghali kwa sababu za kifizikia: kila unaposhuka kwa oktavu moja, yaani masafa yakipungua kwa nusu, ukitaka sauti ibaki na ukubwa ule ule, koni inapaswa kusukuma hewa mara nne zaidi, na hilo linadai koni kubwa, koili nene, sumaku nzito na boksi ambalo halitetemeki. Boksi lisilotetemeka ni la mbao nene zilizotiwa mihimili ndani, na uzito wake hulipiwa tena kwenye meli na forodhani, pamoja na VAT ya asilimia 18 hapa Tanzania. Mtu mwenye ukumbi mkubwa, anayetaka kusikia ngoma kwa ukubwa wake halisi bila sauti ya spika kuharibika, ana sababu ya kulipa. Pia naheshimu kazi ya mikono: seremala anayepinda mbao kwa majuma na kuzipaka tabaka baada ya tabaka anastahili ujira wake, na mnunuzi anayependa kuitazama kazi hiyo sebuleni mwake hajaibiwa. Ninachodai ni kwamba aambiwe ananunua nini.

Kwa kadiri ya masikio yangu na ya wale ninaosikiliza nao, kutoka kwenye redio ya plastiki yenye sabufa moja hadi jozi ya spika nzuri za dola 300 hivi ni safari kubwa kuliko zote. Kutoka hapo hadi dola 2,000 au 3,000 nyongeza bado zinasikika, hasa kwenye besi na kwenye utulivu wa sauti za waimbaji. Na kupita hapo nyongeza huwa ndogo sana, mpaka mtu alazimike kuzitafuta. Inafaa kukumbuka kwamba Yamaha NS-10, spika ndogo yenye koni nyeupe iliyotoka mwaka 1978 kwa ajili ya matumizi ya nyumbani na ambayo haikuwa ghali, ndiyo iliyokuja kukaa juu ya meza za studio nyingi duniani, na muziki mwingi wa miaka ya themanini tunaoutukuza ulichanganywa na wahandisi waliokuwa wakiusikiliza kupitia hiyo.

Umeme wetu nao una neno katika hesabu hii. Volti 230 zilizoandikwa kwenye karatasi hushuka na kupanda, na umeme unaporudi baada ya kukatika huja mara nyingine kwa mshtuko unaoua sakiti za bei zote bila kuchagua. Stabilaiza nzuri ni ununuzi wa busara kwa mtu yeyote mwenye amplifaya, kwa sababu ya kulinda mali. Anayekuuzia kifaa cha kusafisha umeme kwa madai kwamba sauti ya mwimbaji itakuwa tamu zaidi, mwombe akizime na kukiwasha wewe ukiwa umegeuka, uone kama utajua lini alikiwasha.

Jaribio hilo hilo linafaa kwa ununuzi wowote. Nenda dukani na nyimbo zako mwenyewe, zile unazozijua kila mahali mwimbaji anapovuta pumzi, na uhakikishe kwamba vitu viwili unavyolinganisha vinapiga kwa ukubwa mmoja wa sauti, maana tofauti ya desibeli 1 tu humfanya msikilizaji aamini kwamba ile kubwa ndiyo nzuri, na muuzaji mzoefu analijua hilo. Programu za bure za kupima desibeli kwenye simu zinatosha kwa kazi hii. Mwenzako asimame kwenye swichi, wewe usitazame, na mrudie mara nyingi za kutosha kabla ya kuamua. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali lako.

Kwa mwenye fedha ya wastani, ushauri wangu wa dhati ni spika za mtumba. Spika haichakai upesi kama simu, na jozi iliyokuwa ghali huko Japani au Uingereza miaka thelathini iliyopita inaweza kupatikana Kariakoo au Luthuli Avenue mjini Nairobi kwa bei ya redio mpya ya plastiki. Kabla ya kulipa, vua kitambaa cha mbele na utazame ukingo unaoishikilia koni. Ukingo wa sponji huoza, na katika joto na unyevu wa pwani huoza mapema zaidi. Ukiugusa kwa ncha ya kidole unabomoka kama majivu. Ukingo wa mpira hudumu miaka mingi kuliko huo. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kwa usawa, na usikilize: ikikwaruza, koili imepinda au imeungua, na spika hiyo iache. Ukingo uliooza peke yake usikutishe, kwa kuwa fundi anayejua kazi hununua ukingo mpya wenye kipimo cha koni hiyo na kuubandika kwa gharama ndogo, akihakikisha kwamba koili imekaa katikati ya sumaku kabla gundi haijakauka, na bei ya matengenezo hayo uitumie kumwomba muuzaji apunguze.